Ukimaliza Kitabu cha Bahari

Kosa langu la kwanza lilikuwa mwezi.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa taa, na nyumba ya mvuvi wa taa inapangwa na mwezi. Kukiwa giza, mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, ndagala wanafuata mwanga, na wanaume wanakaa huko kambini wiki mbili au zaidi. Mwezi ukijaa, taa haina kazi tena. Samaki wanatawanyika, wavuvi wanarudi nyumbani kulala, kushona nyavu na kugombana na wake zao. Nililea watoto watano kwa kalenda hiyo. Akilia mmoja kwamba anamtaka baba yake, nilimshika kidevu nikakiinua juu: ule ukiwa mduara, baba yuko hapa. Sikuwahi kusema uongo. Mwezi ulijaa, na mlango uligongwa.

Kwa hiyo binti yangu wa mwisho alipopotea njiani, na mtoto wake akaniuliza mama atarudi lini, mdomo wangu ulijibu kabla sijaufikiria.

"Mwezi ikijaa," nikamwambia.

Kama vile mama yake alikuwa amekwenda kuvua.

Binti yangu alikuwa mchuuzi. Kila juma alipanda kwenda kwenye soko la tambarare, upande wa Kamanyola, kununua maharagwe na nyanya na kuyaleta Uvira. Asubuhi ile walipanda kamyoneti moja, wanawake saba pamoja naye, dereva, na mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni kwa mmoja wao. Majina yao yote ninayo. Sikusoma sana, niliishia mwaka wa tatu wa shule ya msingi, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Ninajua la kila mmoja, la mama yake, na lile ambalo wenzake walimwita sokoni kwa utani. Sitayaandika humu. Jina la mtu ambaye haijulikani yuko wapi silitaki kwenye karatasi.

Mchana wake bunduki zikasikika kule tambarare, na barabara ikafungwa. Watu wa vijiji vile walikimbilia mto Ruzizi, na waliojua mahali pa kuvuka wakavuka kwenda Burundi. Kamyoneti ilionekana siku kadhaa baadaye, imelala kwenye mfereji wa shamba la mpunga. Ndani mlikuwa na kikapu kimoja na kandambili ya mguu wa kushoto. Haikuwa ya binti yangu. Niliuliza.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Ananiita koko, kama watoto wa huku wanavyowaita bibi zao. Baba yake alikwenda Kalemie kutafuta kazi kabla yeye hajatambaa, na huko akapata kazi na mke. Tunaishi wawili katika chumba kimoja na sebule, juu ya barabara, kwa sababu nyumba yangu ya kule chini ziwa liliichukua lilipopanda. Maji yaliingia taratibu kama mgeni mwenye adabu, halafu hayakutoka.

Siku ya mwezi kujaa, mtoto alifagia uwanja mara mbili. Aliosha masufuria yaliyokuwa tayari yameoshwa. Jua lilipozama akakaa kwenye kizingiti. Mwezi ukapanda juu ya milima ya Burundi, mkubwa, hauna kasoro hata upande mmoja. Akauangalia, akaniangalia.

"Koko, imejaa."

"Nimeona. Labda barabara bado imefungwa."

"Mwezi haipite mu barabara."

Nilimwambia basi labda mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja. Safari hiyo hakufagia. Alichukua kitenge akakitundika dirishani, akalala kabla sijaivisha ugali. Kuanzia siku ile chakula kikawa vita kati yetu. Alikula tonge mbili, halafu akasema tumbo limefunga. Shule yao nayo ilikuwa imefungwa. Akawa anakaa tu ukutani, mikono kwenye magoti, kama mtu mzima anayengoja kuitwa ofisini.

Hapo ndipo jirani yangu alipokuja na kitabu.

Jirani yangu anauza nguo za mitumba karibu na mpaka wa Kavimvira. Ni Mwislamu, wa ukoo wa wale waliofika hapa zamani sana na biashara ya ziwa, na hakuachi usahau. Tumeishi mlango kwa mlango miaka mingi, hata kule chini kabla ya maji, na kutaniana kwetu ndiko salamu yetu.

"Hodi. Weye muke wa muvuvi, uko muzima?"

"Niko muzima nusu. Ingia."

"Ile nusu ingine iko wapi?"

"Iko imekaa pale kwenye ukuta."

Akamwangalia mtoto, akaacha utani. Akaketi kwenye mkeka, akatoa kitabu kutoka ndani ya khanga yake. Alikuwa amekikuta katikati ya furushi la nguo za watoto zilizotoka Bujumbura, pamoja na boksi la kreyo kumi na mbili za rangi, nyingine fupi kama kidole gumba. Kilikuwa kitabu cha kupaka rangi, chote cha bahari. Kila ukurasa ulikuwa na mnyama wa majini aliyechorwa kwa mstari mweusi, tumboni mweupe, anangoja. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Mtoto fulani wa mbali alikuwa ameanza ukurasa wa kwanza, akapaka mkia tu, akachoka.

Nilifungua katikati. Nikaona samaki mkubwa anayerusha maji kwa kichwa.

"Huyu ni nani?"

"Nyangumi," jirani akasema.

"Ulimuona wapi?"

"Mimi? Sikumuona. Bibi ya bibi yangu ndiye alimuona. Kwetu majina yalifika, samaki walibaki."

Nilicheka. Samaki wa ziwa hili ninawajua wote, mukeke, sangala, kuhe, ngege, hata vile vidogo ambavyo wanawake wengine wanaviita takataka. Lakini katika kitabu kile kizima nilimtambua kaa peke yake, na yule mwingine laini kama uji uliopoa, ambaye tunaye hata sisi wakati wa kiangazi, mdogo kama kifungo cha shati. Wengine ilibidi jirani awataje, na alitaja kama mtu anayesoma urithi wake. Papa. Kasa. Farasi wa bahari. Kwa huyo wa mwisho mtoto alisogea kutoka ukutani.

"Farasi haina miguu?"

"Ya baharini haina," jirani akamwambia.

"Na ya inchi kavu?"

Tukaangaliana sisi wazee wawili. Hata farasi wa nchi kavu hakuna kati yetu aliyewahi kumwona Uvira.

"Iko nayo," nikasema. "Nafikiri ine."

Jirani akafunua ukurasa mwingine. "Na huyu ni pweza. Iko na mikono munane."

"Ya kazi gani yote?" nikauliza.

"Moja ya kupika, moja ya kufua, moja ya kutwanga sombe, mbili za kubeba watoto, mbili za kuchuuza. Ya mwisho ni ya kupiga bwana akichelewa."

Mtoto akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikuwa sijakisikia tangu ule mwezi wa kwanza kujaa. Akavuta kitabu karibu. Akagusa ule mkia uliopakwa na mtoto mwingine. Mimi nilikuwa na njaa ya kicheko kile kuliko mtu mwenye njaa ya chakula, nami nikataka kukifunga kamba kisiondoke. Ndipo nikafanya kosa la pili.

"Ukimaliza kitabu hiki chote," nikamwambia, "mama yako atakuwa amefika."

Jirani akasimama, akajifunga khanga. Nilipomsindikiza hadi mlangoni akanishika mkono.

"Mwezi ulikuwa unarudi kila mara, weye," akaniambia. "Kitabu kiko na mwisho."

Siku ile ile mtoto alipaka kurasa sita.

Hakupaka, alifyeka. Alishika kreyo ngumi nzima, akapita juu ya samaki na maji na mistari yote, akageuza, akaanza mwingine, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Alikula sahani yake yote ili apate nguvu ya kuendelea. Mimi nilikaa nachambua maharagwe na kuhesabu kurasa zilizobaki kwa jicho. Zilikuwa kumi na nane. Kwa mwendo ule zingeisha kabla ya Jumapili.

Kesho yake nikaweka sheria. Nilimwambia kwamba kazi ya samaki haina haraka. Ndagala wakishushwa kwenye mchanga, mwanamke anayejua kazi hawaaniki hivyo hivyo. Anakaa chini, anachambua. Anatoa nyasi, anatoa konokono, anatoa vitoto vya mukeke vilivyoingia kwenye wavu kwa bahati mbaya, mmoja mmoja, hata mgongo ukiuma. Anayeanika bila kuchambua, mnunuzi anaona, anapita.

"Kwa hiyo kila gamba," nikamwambia, "gamba moja moja. Rangi isitoke inje ya mustari. Ikitoka, ukurasa haihesabiwe."

"Na zile sita za jana?"

"Zile utarudilia."

Alinitii. Amekulia kati ya wanawake wanaochambua samaki, na neno langu lilikuwa na harufu ya kazi ya kweli. Akarudi kwenye nyangumi, akampaka ngozi yote kwa vipande vidogo kama punje za mchele. Nyangumi alichukua siku nne. Papa alichukua tatu. Majira yale nilimwona mtoto ananenepa kidogo mashavuni, nami nikajidanganya kwamba ninamtendea wema.

Halafu tukafika kwa pweza.

Alikaa mbele yake asubuhi yote bila kupaka. Mwishowe akaniuliza, "Koko, siku ile, mama alipanda na banani?"

Nilikuwa nimepiga magoti, napuliza makaa. Sikugeuka. Nikamtajia. Nilimtajia wale wanawake sita, kila mmoja na jina lake la nyumbani na la sokoni, na jina la dereva. Yeye akawa anaweka kidole kwenye mkono mmoja mmoja wa pweza.

"Umebakia moja," akasema.

"Mutoto. Ule wa mugongoni."

Nikamtajia na jina la mtoto.

"Na mama?"

Nilifikiri nimekosea hesabu, nikaanza tena kwa vidole. Lakini alikuwa ameshapata jibu lake mwenyewe. "Mama iko kichwa," akasema, akachukua kreyo nyekundu.

Kila mkono akaupa rangi yake na siku yake. Asubuhi aliniuliza, leo ni ya nani, nami nikamtajia jina, na akitaka kujua zaidi nikamwambia yule anapenda kucheka, yule ana mwanya, yule aliwahi kumpiga askari wa ushuru kwa kandambili. Dereva alipata rangi ya kahawia. Mtoto mchanga alipata njano. Siku nane mfululizo niliwataja watu wale chumbani mwangu kana kwamba wako nje wanavua viatu. Sijui kama ni mtoto niliyekuwa namdanganya wakati ule, au mimi.

Kurasa zikaendelea kupungua. Mtu akichambua polepole namna gani, samaki wanaisha. Zilipobaki tatu nikaanza kuiba. Nilichonga kreyo kuliko ilivyohitajika ili ziishe, nikatupa maganda yake kwenye jiko. Alibaki anapaka na vipande vya kushikia kwa kucha. Halafu siku moja, alipokwenda kuchota maji bombani, nilichukua ya bluu na ya kijani, zile mbili ambazo bahari haiwezi kukosa, nikazifukia ndani ya ndoo ya unga wa muhogo.

Aliporudi alitafuta chini ya mkeka, akatafuta kwenye nguo. Nilimsaidia kutafuta. Niliinama pamoja naye, nikainua hata jiko. Siku mbili kitabu kikalala. Siku ya tatu nilikuwa nje naongea na jirani, naye akaingia kuchota unga kwa ajili ya ugali, kazi niliyokuwa nimemfundisha mwenyewe. Nilikumbuka nikiwa bado naongea. Nilipoingia ndani alikuwa amesimama karibu na ndoo, mkono mweupe hadi kwenye kiwiko, kreyo mbili zimelala kiganjani.

"Koko," akasema, "kreyo zilikuwa mu unga."

"Eh. Panya hawa."

Akazipuliza taratibu, moja, halafu nyingine. Aliniangalia kama nilivyokuwa namwangalia mume wangu akiniambia wavu umerudi mtupu kwa sababu ya upepo, na mimi nasikia pombe. Halafu akakaa, akapaka.

Juma lile mmoja wa wale wanawake alirudi. Alikuja kwa miguu kupitia mpaka wa Kavimvira, kutoka kambi moja ya wakimbizi ng'ambo, amekonda hadi macho yamekuwa makubwa. Ni yule ninayemjua tangu ananyonya, aliyekuwa mkono wa kijani. Alikaa kwenye mkeka wangu, akakataa chai. Mtoto alikuwa kizingitini na kitabu chake, ametugeuzia mgongo.

"Mama," akaniambia, maana hivyo ndivyo ananiita, "miye sikuje kukudanganya. Tulifika pamoja kwenye mto. Watu walikuwa wengi, kila mutu anasukuma. Alikuwa nyuma yangu. Nilisikia ananiita na jina, ananiambia nishike mutoto ya mwenzetu. Nikashika. Nikaingia mu maji. Nilipotoka ng'ambo, niligeuka."

"Ukaona nini?"

"Watu."

"Yeye?"

"Sikumuona anaingia. Sikumuona anabaki. Tulitafuta kule kambini hema kwa hema. Nilibandika jina yake kwa wale wanaoandika watu. Hawakumuona."

Nikamuuliza habari za yule mtoto mchanga. Akasema yuko hai, yuko na mama yake kule kambini. Nikasema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha, lakini neno lilinikwama kama mwiba wa ngege. Alilia kidogo, nami sikulia, kwa sababu kizingitini nilikuwa nasikia kreyo inakwenda, inarudi, inakwenda, haikusimama hata mara moja wakati wote ule.

Ulikuwa umebaki ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimeuona mapema na ndio niliouogopa zaidi. Haukuwa na mnyama. Juu kulikuwa na mstari mmoja tu wa mawimbi, na chini yake karatasi tupu, ili mtoto achore bahari ya kwake. Nilitegemea hapo. Niliwaza, ukurasa usio na mistari hauna mwisho, nitamwambia aongeze samaki huyu na huyu, nitamtajia samaki wote wa ziwa, tutafika hata mwaka.

Asubuhi ya kesho yake aliketi mbele yangu, si kizingitini. Akafungua ukurasa ule, akachukua ile bluu. Hakuchora samaki. Alipaka maji, kuanzia kwenye mawimbi kwenda chini, taratibu, bila kuacha hata nafasi ya tundu la sindano, kama nilivyomfundisha. Nikamwambia, "Na mukeke hutamuweka?" Akatikisa kichwa. "Na mutumbwi?" Akatikisa kichwa. Alipofika kwenye pembe ya chini kabisa, akalaza kreyo.

"Koko, nimemaliza."

"Nimeona."

"Rangi haikutoka inje."

"Haikutoka."

Akafunga kitabu, akakiweka kwenye magoti yangu. Akaenda kuoga. Akavaa gauni la kanisani, la maua madogo, ambalo mama yake alimshonea na ambalo sasa linambana kwapani. Akajipaka mafuta, akatoka, akakaa kwenye kizingiti na miguu imepangwa. Saa sita nilimletea chakula. Akaniambia niweke na sahani ya mama. Nikaweka. Nilipakua ugali na sombe kwenye sahani ya binti yangu, nikaifunika, mkono wangu unafanya kazi hiyo kama mkono wa mtu mwingine. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mchana mzima wa kusema. Jirani alipita, akamwona alivyovaa, akaniangalia, akaingia kwake bila utani.

Jua likazama. Barabarani watu walipita na mizigo yao kutoka mpakani. Kila mwanamke aliyepita na kikapu, mtoto alimtazama mpaka usoni, halafu akamwacha aende.

Ilipoanza kuwa giza akasimama. Akaingia, akavua gauni, akalikunja mwenyewe, mikono kwa ndani, kama mama yake alivyokuwa akilikunja. Akafunua ile sahani, akaigawa sehemu mbili, yangu na yake, na tukala chakula kilichopoa. Alipomaliza akaosha mikono. Akaenda kwenye boksi, akachukua bluu na kijani, zilizobaki ndogo kama meno, akanipa kiganjani.

"Zirudishe mu unga," akasema.

Nilizirudisha. Bado zimo. Ninapochota unga ninapita pembeni yake.